Mapartizani wa Italia: walipigania nchi au walikuwa wanakwepa kuandikishwa jeshini?

#1 Kipanga Mweusi
Wakuu, salaam.

Kuna ubishi umetushinda kijiweni tangu Jumamosi. Birika la kahawa limeisha mara tatu na hakuna aliyekubali kushindwa. Waitaliano walimpigia dikteta wao Mussolini makofi miaka 20. Walivaa shati jeusi la mafashisti wake, watoto wao wakapiga gwaride shuleni. Ikafika Septemba 1943 mambo yakaenda mrama, ghafla kila mtu yuko mlimani na bunduki anajiita mpartizani, yaani mpiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani na mafashisti, eti alikuwa mpinga ufashisti tangu tumboni mwa mama yake.

Mimi nasema hivi: wengi walikuwa vijana wanaokwepa kuandikishwa jeshini, basi. Kumtoa Mjerumani walimtoa Wamarekani na Waingereza, hawa wakaja kuvuna shamba wasilolima. Mwenye hoja alete. Matusi ayavue mlangoni pamoja na viatu.

#2 Ngoja Waje
Nimeshakaa kwenye mkeka. Mwenye karanga apitishe.

#3 Fundi Saa
Mtoa mada umeruka hatua. Mussolini hakuangushwa na Wamarekani wala mapartizani. Aliangushwa na watu wake mwenyewe. Baraza Kuu la Ufashisti lilimpigia kura usiku wa kuamkia 25 Julai 1943, na jioni yake mfalme akamweka ndani. Badoglio akawa mkuu wa serikali. Mchana anatangaza vita vinaendelea, usiku anatuma watu kuongea na Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao. Mkataba wa kusimamisha vita ukasainiwa Cassibile, Sicily, 3 Septemba, ukatangazwa redioni jioni ya tarehe 8.

Alfajiri mfalme na Badoglio hao, magari mpaka pwani ya mashariki, meli mpaka Brindisi. Jeshi wameliacha halina amri inayoeleweka. Sasa jifanye koplo uko kambini Torino: mkubwa wako hapokei simu, na vifaru vya Mjerumani, rafiki yako wa jana, viko getini. Wanajeshi zaidi ya 600,000 walipakiwa kwenye mabehewa kwenda kambi za Ujerumani. Waliowahi kutoroka walivua magwanda, wakaomba suruali za kiraia kwa akina mama wa vijijini, wakaanza kutembea. Hao ndio mbegu ya kwanza ya vikundi vya milimani. Kuandikishwa walishaandikishwa zamani, sasa walikuwa wanakwepa nini?

#4 Kipanga Mweusi
Fundi Saa asante kwa tarehe, lakini umenijengea mimi nyumba. Mtu anaomba suruali ya kuazima ili afike kwao, huyo ndiye mkombozi wa taifa? Huyo anatafuta ugali wa mama yake.

#5 MbebaBoksi
Ugali walikuwa nao kweli, wanauita polenta, wa mahindi ya njano. Milimani ulipokosekana walikula castagne, njugu kubwa za miti ya huko, unazichemsha au unasaga unga.

Niko Bologna mwaka wa tisa. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa miaka 91, nyumbani kwake, kwa hiyo habari hizi nazisikia huku nakata vitunguu. Vita inaisha yeye alikuwa na miaka kumi na kitu. Kaka yake wa miaka 19 aliletewa barua ya kwenda kambini. Hakwenda. Walimweka juu ya dari la zizi majuma matatu, mama yao akawa anampandishia chakula ndani ya ndoo ya maziwa ili majirani waone anakwenda kukamua. Siku moja ndoo ilianguka, supu ikamwagika mbele ya postamasta. Postamasta akaitazama supu, akaitazama ng'ombe, akasema "maziwa mazito hayo", akaondoka zake. Usiku ule kijana akapelekwa mlimani.

Nikamuuliza bibi, kaka yako alikuwa na siasa gani? Akanijibu kuwa binamu yao alirudi kutoka vita ya Mussolini kule Urusi hana vidole vya miguu, na kila Jumapili alikuja kula chakula kwao, anavua soksi mbele ya moto. Hiyo ndiyo siasa yao.

Kwa hiyo Kipanga, alikwepa. Sikatai. Ila kukwepa kwenyewe usikuone kama kukwepa foleni.

#6 Nyani Haoni
Hoja ya Kipanga ina nguvu. Bila Wamarekani kuingia Bologna huyo bibi angekuwa anaongea Kijerumani. Na Mussolini mwenyewe walimnyonga Milano baada ya kazi kwisha. Kumnyonga mzee aliyekwisha ni ushujaa?

#7 MbebaBoksi
Nyani, makosa mawili kwenye mistari mitatu.

Bologna walioingia kwanza, asubuhi ya 21 Aprili 1945, walikuwa Wapolandi waliokuwa chini ya Waingereza. Ukija nitakupeleka kwenye makaburi yao.

Mussolini alikamatwa Dongo, kando ya ziwa Como, 27 Aprili, na mapartizani, yumo kwenye msafara wa Wajerumani na amevaa koti la Kijerumani. Alipigwa risasi kesho yake. Kilichotundikwa Milano, miguu juu, kwenye kituo cha mafuta pale Piazzale Loreto, ni maiti. Na pale hapakuchaguliwa ovyo. Agosti 1944 wafungwa 15 walipigwa risasi uwanja uleule na maiti zao zikaachwa juani siku nzima, marufuku kuzigusa. Sisemi kutundika maiti ni vizuri. Nakwambia tu kwa nini pale.

#8 Fundi Saa
Naongezea kwa Nyani: Genova. Hakukuwa na Mmarekani mjini. Jenerali Meinhold alisaini kusalimu amri jioni ya 25 Aprili 1945 mbele ya Remo Scappini, mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa kiongozi wa kamati ya ukombozi ya eneo hilo. Maelfu ya wanajeshi wa Kijerumani wakawekwa chini ya ulinzi wa raia, na bandari iliyokuwa imetegwa mabomu ikapona. Na kabla ya hapo Napoli, 27 hadi 30 Septemba 1943: watu wa mitaani, wengine watoto, walipigana siku nne. Washirika walipofika 1 Oktoba Mjerumani alishaondoka.

Kwingine ni kweli, bila jeshi la Washirika wasingefika popote. Jibu linategemea umesimama mji gani.

#9 Ticha Mstaafu
Vijana, mnaongelea kuandikishwa jeshini kama vile amri ilishuka kutoka mbinguni. Aliyeandikisha ni nani? Baada ya Wajerumani kumtoa Mussolini kifungoni kule Gran Sasso, 12 Septemba 1943, walimwekea serikali kaskazini, watu wakaiita ya Salò. Waziri wake wa ulinzi alikuwa Rodolfo Graziani. Matangazo ya kuwaita vijana yalitoka kwake, na kuanzia Februari 1944 asiyeitika adhabu yake kifo.

Huyu Graziani Waafrika tunamjua. Ndiye aliyekuwa Addis Ababa mwaka 1937 kama mtawala wa Italia. Februari mwaka ule Waeritrea wawili, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia mabomu ya mkono, akajeruhiwa. Siku tatu zilizofuata mji ulichinjwa, maelfu kwa maelfu. Mwezi Mei ikafuata monasteri ya Debre Libanos, watawa na mahujaji wakapigwa risasi kwa amri yake.

Miaka saba baadaye mtu yuleyule anatuma barua kwa mama wa kijijini Emilia: nipe mwanao. Kwa hiyo Kipanga, ukisema walikuwa wanakwepa jeshi, maliza sentensi. Jeshi la nani?

#10 Kipanga Mweusi
Mwalimu, shikamoo. Hapo umenigusa, hilo la Graziani sikulijua. Alinyongwa?

#11 Ticha Mstaafu
Marahaba. Mahakama ya kijeshi ilimpa miaka 19 mwaka 1950, akatoka ndani ya miezi michache. Akafa kitandani 1955. Mwaka 2012 mji wa Affile ukamjengea mnara. Kwa ya Ethiopia hakuwahi kushtakiwa kabisa.

#12 Ngoja Waje
Karanga zimenikwama kooni.

#13 MtuWaNyeri
Hamjambo watu wangu. Nimefika kuchelewa kama kawaida ya wa mlimani.

Huku kwetu Waitaliano waliletwa kwa maelfu kama mateka wa Mwingereza baada ya 1941. Lile kanisa dogo kwenye mteremko wa Mai Mahiu waliojenga ni wao, 1942. Bwana wao mkubwa, Duke wa Aosta, alifariki Nairobi mwaka huohuo akiwa mateka, amezikwa Nyeri hapa, kuna kanisa lao. Na kuna watatu walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943, si kwenda nyumbani, bali kupanda Mlima Kenya! Walifika kilele cha Lenana, wakaacha bendera, wakarudi wenyewe kambini wakapewa adhabu yao.

Ile habari ya 8 Septemba ilipofika kambini huku iliwagawa. Kuna waliokubali kushirikiana na Mwingereza na kuna waliosema kiapo ni kiapo. Sasa jiulizeni: wote hawa wangekuwa Torino siku ile, nani angepanda mlima na nani angebaki na Mussolini? Mimi naona mengi ni bahati ya mahali ulipokuwa umesimama.

#14 Nyani Haoni
Kwa hiyo wale wa Kenya nao walipanda mlima. Mapartizani wa Nanyuki.

#15 MtuWaNyeri
😂 Nyani, wewe ungekamatwa getini.

#16 Bi Tausi
Wanaume mmejaza kurasa, bado mnahesabu wenye bunduki tu. Kuna wanawake kama 35,000 waliotambuliwa kuwa wapiganaji, na hao hawakuitwa na barua ya Graziani wala ya mtu yeyote. Hawakuwa na jeshi la kukwepa. Hoja yote ya Kipanga inaanguka hapo, lakini naona mmeiruka kama dimbwi.

Matarishi wao walikuwa wasichana wa baiskeli. Ujumbe ndani ya mpini, risasi chini ya kapu la mboga, na kwenye kizuizi unatabasamu. Roma Wajerumani walipochoka na mashambulizi ya watu wa baiskeli walipiga marufuku baiskeli za magurudumu mawili mwishoni mwa 1943. Warumi wakafunga gurudumu la tatu pembeni, wakaendelea na safari zao. Sheria imesema mawili!

Na Tina Anselmi, muulizeni MbebaBoksi. Alikuwa mwanafunzi wa miaka 17 pale Bassano del Grappa, Septemba 1944, walipotolewa darasani wakaangalie vijana 31 walionyongwa kwenye miti ya barabara ya mji. Baada ya hapo akawa tarishi. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri Italia.

#17 MbebaBoksi
Dada Tausi uko sahihi, na kuna la aibu. Siku za gwaride la ushindi, Torino, wanawake wa vikosi vya Garibaldi waliambiwa wasiandamane, watu watasema vibaya.

Bologna uwanja wa Nettuno, ubavuni mwa jumba la manispaa, kuna ukuta. Mafashisti walikuwa wanawapigia watu risasi hapo, wakaandika kwa kejeli kuwa ni mahali pa mapartizani kujiburudisha. Mji ulipokombolewa familia zikaanza kuja kubandika picha kwenye matofali yaleyale, hakuna aliyewaagiza. Leo ni picha kama elfu mbili, ndogo kama za pasipoti, nyuma ya kioo. Nikipita na mifuko ya sokoni huwa natafuta za wanawake. Mmoja kanyoa nywele kama mvulana. Mmoja anacheka kabisa, meno yote nje, kama alipigwa picha harusini.

#18 Kipanga Mweusi
Bi Tausi nimekubali kwa wanawake, nusu. Lakini hamjagusa hili: gharama alilipa nani? Via Rasella, Roma, 23 Machi 1944. Mpartizani kavaa kama mfagia barabara, kaacha toroli la takataka lenye bomu, polisi 33 wa Kijerumani wakafa. Kesho yake Mjerumani akaua watu 335 kwenye mapango ya Ardeatine. Walibandika matangazo kuwa waliofanya wajitokeze, hawakujitokeza! Wakaacha wenzao wafe.

#19 Fundi Saa
Hapana kaka. Hilo la matangazo ni uongo uliozeeka hadi ukaota mvi. Mauaji yalifanyika kesho yake tu. Tangazo lilitoka baada ya watu kuuawa, na lilimalizia kwa kusema amri imekwisha kutekelezwa. Hapakuwa na nafasi ya mtu kujisalimisha hata kama angetaka. Na hesabu ya Mjerumani, Waitaliano kumi kwa kila polisi mmoja, inatoa 330, wale watano waliozidi waliletwa kwa makosa ya orodha, wakauawa hivyohivyo wasije wakasimulia.

#20 Kipanga Mweusi
Sawa, la matangazo nafuta. Swali langu linabaki. Marzabotto, karibu na Bologna, je? Zaidi ya raia 700, watoto wamo. Ukijua Mjerumani atachoma kijiji, unampiga risasi kwa nini?

#21 MbebaBoksi
Hilo swali wenyeji wanalo mpaka leo, tena ndani ya familia moja. Monte Sole, mlima yalikofanyika mauaji hayo, si mbali na hapa, nimekwenda na bibi mara mbili. Kuna wanaosema aliyeua ni SS, askari wa chama cha Hitler, mwisho wa maneno. Na kuna watu ambao mama zao walikufa kule na hawataki kusikia jina la mpartizani. Bibi yeye hujibu kwa kubadilisha mazungumzo.

#22 Chuma cha Reli
Mmejadili hofu, barua, suruali. Hakuna aliyetaja chama. Vikosi vya Garibaldi vilikuwa vya wakomunisti, Giustizia e Libertà vya Chama cha Vitendo, wajamaa walikuwa na Matteotti, Wakatoliki na wanajeshi wa mfalme nao walikuwa na vyao, hata skafu za shingoni zilitofautiana rangi. Hivi havioti kama uyoga. Wafanyakazi wa Fiat Torino waligoma Machi 1943, Mussolini akiwa bado kitini. Hao walimkwepa nani?

Na Ilio Barontini wa Livorno. Alipigana Hispania dhidi ya Franco. 1938 chama kikamtuma Ethiopia, Gojjam, kuwasaidia wazalendo waliokuwa wanapigana na Waitaliano. Mwitaliano anawafundisha Waethiopia kumpiga Mwitaliano! Kisha Ufaransa, kisha akarudi kwao kupanga vikundi vya mijini, na Bologna ya MbebaBoksi ilikuwa chini yake. Mtu kama huyu alianza kupigana miaka saba kabla ya hizo barua za Graziani.

#23 Mjukuu wa Askari
Chuma, Barontini ni mmoja. Ukihesabu wote waliorudi kutoka Hispania hawajazi uwanja wa mpira. Wengine ni mbegu ya Fundi Saa na barua ya Kipanga.

Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alifika Gondar, Ethiopia, Novemba 1941. Watu wakicheka kuwa Mtaliano hajui vita, babu alikuwa anakasirika. Alisema kule Gondar walipigana kufa na kupona. Kwa hiyo mimi siamini hoja ya woga. Watu walewale waliopigana vile kwa ajili ya mfalme, mfalme akakimbia usiku bila kuaga. Naona walipanda mlima kwa hasira ya kusalitiwa zaidi ya siasa yoyote.

#24 Chuma cha Reli
Hasira bila chama hudumu wiki mbili. Baridi ya Novemba 1944, Jenerali Alexander, mkuu wa majeshi ya Washirika Italia, anawaambia redioni wasimamishe operesheni kubwa, wajibane mpaka majira ya kuchipua, na Mjerumani naye anasikiliza redio ileile! Nani aliwashikilia pamoja miezi ile?

#25 Fundi Saa
Wengi hawakushikiliwa, walishuka. Kisha Aprili wakapanda tena wakiwa wengi maradufu. Huko wenyeji wanawatania wengine kuwa ni mapartizani wa tarehe 26 Aprili, yaani waliojitokeza kazi ilipokwisha. Bendera fuata upepo haikosi kwenye vita yoyote.

Na Chuma usisahau Porzûs, Februari 1945. Wakomunisti waliwaua mapartizani wenzao wa kikosi cha Osoppo, kwa sababu ya ugomvi wa siasa na mpaka wa Yugoslavia. Chama kilishikilia watu, na kiliua watu.

#26 Chuma cha Reli
Silitetei hilo.

#27 Bi Tausi
Naomba kumleta mmoja ambaye hamna kapu la kumwekea. Giorgio Marincola. Kazaliwa Mahaday, Somalia, 1923, baba askari Mwitaliano, mama Msomali. Akasoma Roma, akaingia mapambano na watu wa Chama cha Vitendo. Roma ilipokombolewa Juni 1944 kwake vita ilikuwa imekwisha, angeweza kurudi chuo cha udaktari. Akajiunga na Waingereza, akarushwa kwa parachuti kaskazini. Alipokamatwa wakamweka mbele ya redio ya mafashisti awasifu, yeye akawasema vibaya hewani, wakampiga. Akapelekwa kambi ya Bolzano. Ilipofunguliwa angevuka Uswisi. Akabaki. SS walimuua Stramentizzo, 4 Mei 1945, siku mbili baada ya Wajerumani wa Italia kusalimu amri rasmi. Miaka 21.

Na hakuwa Mwafrika peke yake. Kulikuwa na Waethiopia, Wasomali na Waeritrea waliopelekwa Napoli 1940 kuonyeshwa kwenye maonyesho ya makoloni kama twiga. Vita ikawazuia kurudi, wakafungiwa Treia, mkoa wa Macerata. Mwishoni mwa 1943 kadhaa wakatoroka wakajiunga na kikosi cha Mario kule Monte San Vicino. Kipanga, hao nao nchi ya nani walipigania?

#28 Ngoja Waje
Mkeka nimeukunja, sasa nasikiliza nimesimama.

#29 Kipanga Mweusi
Bi Tausi, Marincola simgusi. Lakini mtu mmoja wa dhahabu hafanyi sanduku zima kuwa dhahabu. Mimi nataka yule wa kawaida. MbebaBoksi, yule kaka wa dari la zizi aliishia wapi?

#30 MbebaBoksi
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa namwogesha.

Alirudi Mei. Kakonda, ana ndevu, na kifurushi cha kitambaa cha parachuti kwapani, zile zilizodondoshewa silaha na Washirika. Mama yao akamshonea bibi blauzi, anasema ilikuwa inatoa sauti akitembea, mpaka kanisani watu wanageuka. Walipomuuliza alifanya nini huko juu, kaka akasema alibeba vitu. Kisha akaenda kukamua.

#31 Kipanga Mweusi
Kwa hiyo alipigana au alikwepa?

#32 MbebaBoksi
Nimemuuliza hivyohivyo, neno kwa neno. Ameniambia nimletee miwani, mbio za baiskeli zimeanza kwenye televisheni.